Kanuni ya Alhamisi

Nawasalimu ninyi mlio Kyangwali, Kyaka, Nakivale, Rwamwanja na kila mahali ambako kijarida hiki kinafika kikiwa kimekunjwa mfukoni. Nawasalimu pia ninyi wa mashirika mnaokisoma ofisini. Mimi naandika kutoka Nkoma, hapa Mbale, upande wa barabara ya Kumi, mahali ambapo ukiinua macho asubuhi unaona Wanale imesimama na maporomoko yake ya maji. Kazi yangu ni ya vijana. Nina kikundi cha vijana 43, wengine wakimbizi kama mimi, wengine watoto wa hapa hapa. Tunaweka akiba kidogo kidogo kwenye sanduku, tunakopeshana, tunafundishana kushona na kutengeneza simu.

Nina swali ambalo limeninyima usingizi, na nimeona nililete kwenu. Je, kanuni iliyo nzuri inaweza kuwa kosa kwa sababu tu ya siku iliyoletwa?

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kuanza na makosa ya wakubwa wakati lako umelikalia.

Mwezi wa nane mwaka 2025 kikundi chetu kilikuwa kinachagua viongozi. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwezi wa sita kwamba wagombea watasimama wawili wawili, mwenyekiti na naibu wake, na kila jozi iwe na mkimbizi mmoja na mwenyeji mmoja. Tuliona hiyo itatuzuia tusigawanyike. Zikatokea jozi mbili. Jozi ya kwanza ilikuwa ya kijana mmoja wa boda, mwenyeji, anayependwa sana kwa sababu anachekesha watu na akiwa na mafuta hakuachi njiani. Naibu wake alikuwa dada mmoja Mkongo, mshonaji. Jozi ya pili ilikuwa ya vijana wawili wapole, wa shule, ambao mimi niliwaamini zaidi.

Yule wa boda alikuwa amekopa shilingi 80,000 kwenye sanduku, na siku ya kulipa ilikuwa imepita wiki mbili. Hakuwa peke yake. Kulikuwa na wengine wanne kwenye daftari. Lakini ni yeye aliyekuwa anagombea, na kila nikipita nilisikia jina lake. Nikajua atashinda. Nikaogopa. Nikajiuliza, huyu akipewa ufunguo wa sanduku, itakuwaje?

Basi siku ya Alhamisi jioni, uchaguzi ukiwa Jumamosi, nikatuma ujumbe kwa wote: mwenye deni lililopita muda haruhusiwi kugombea. Niliandika vizuri kabisa, nikaweka na neno uwajibikaji. Hakuna aliyepinga. Nani atapinga kanuni kama hiyo? Yule wa boda akatolewa. Dada wa kushona naye akatoka, ingawa hakuwa anadaiwa hata shilingi mia, kwa sababu jozi yake ilikuwa imevunjika. Jumamosi jozi ya pili ikapita bila kupingwa. Tukapiga makofi. Wiki iliyofuata vijana 17 hawakuja.

Nilimkuta yule wa boda kwenye stendi yake. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alisema hivi: "Ticha, kanuni yako ni nzuri. Lakini ungeileta mwezi wa sita, mimi ningelipa deni halafu ningegombea. Wewe ulingoja mpaka nishindwe kulipa."

Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya niandike.

Sasa niwapeleke kwa wakubwa kidogo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatukataza kuingia siasa za nchi hii, na mimi siingii. Sina kura hapa, sina chama, na sisemi nani alistahili kushinda. Lakini mtu anayekaa pembeni ya uwanja anaona mpira. Na mpira wa kuchagua wagombea ndani ya vyama, kabla hata taifa halijapiga kura, umechezwa karibu sana na hapa.

Mzee mwenye nyumba yangu anapenda kunisimulia habari ya Amama Mbabazi. Mbabazi alikuwa waziri mkuu na katibu mkuu wa chama tawala, NRM. Mwezi wa pili mwaka 2014, wabunge wa chama hicho walikutana Kyankwanzi, na mbunge Evelyn Anite akapiga magoti akaomba Rais Museveni awe mgombea pekee wa mwaka 2016. Wabunge wakaunga mkono. Mwezi wa tisa mwaka huo huo Mbabazi akaondolewa uwaziri mkuu. Mwezi wa kumi na mbili wajumbe walikutana Namboole wakabadilisha katiba ya chama, na katibu mkuu akawa mtu wa kuteuliwa, si wa kuchaguliwa tena. Mwezi wa sita mwaka 2015 Mbabazi akatangaza kwamba atagombea hata hivyo. Tarehe 9 mwezi wa saba akaanza safari ya kuja hapa Mbale kuzungumza na watu. Hakufika. Polisi walimkamata Njeru, pale kabla ya kuvuka mto kuingia Jinja. Baadaye aligombea nje ya chama, akapata chini ya asilimia 2 ya kura.

Mzee akimaliza hucheka, akasema: "Watu walikuwa wanamsubiri hapa na ngoma zimeshapashwa moto."

Wengine watasema, hizo asilimia 2 zinaonyesha kwamba hakuwa na watu, kwa hiyo kubadilisha kanuni hakukumwonea. Mimi nafikiri ni kinyume. Kama mtu hana watu, kanuni ya zamani ilitosha kumshinda. Mgombea anayeweza kushindwa kwa kura anabadilishiwa kanuni kwa nini? Ukishamfungia mlango, hutajua tena kama angeshindwa kwa haki. Unabaki na ushindi wenye doa, na yeye anabaki na malalamiko ambayo hakuna kura iliyoyajibu. Hata mimi sijui kama kijana wa boda angeiba. Kanuni yangu ilinizuia kujua.

Hapo ndipo nilianza kuona tofauti. Kanuni inayokuja mapema inazungumza na watu wote. Inasema, "Ukitaka kugombea, lipa deni," na kila mtu ana nafasi ya kulipa. Inabadilisha mwenendo wetu, na nadhani hiyo ndiyo kazi ya kanuni. Kanuni inayokuja Alhamisi haimfundishi mtu chochote, maana muda wa kutii umeshakwisha. Inachofanya ni kuchagua nani atoke. Hiyo si kanuni tena. Ni hukumu iliyovaa nguo za kanuni, na aliyeivalisha anajua jina la anayehukumiwa.

Lakini kuwahi peke yake hakutoshi. Tuangalie Tanzania mwaka huo huo wa 2015. Chama cha Mapinduzi kilikuwa na wanachama 38 waliorudisha fomu za kuomba urais. Utaratibu ulijulikana kabla. Kamati Kuu inachuja wanabaki watano, Halmashauri Kuu inachuja wanabaki watatu, na Mkutano Mkuu unachagua mmoja. Mwezi wa saba, Dodoma, jina la Edward Lowassa, aliyekuwa waziri mkuu na mwenye wafuasi wengi, halikuingia hata kwenye watano. Mwisho akachaguliwa John Magufuli, na mgombea mwenza wake akawa Samia Suluhu Hassan kutoka Zanzibar, kwa sababu sheria ya kule inataka mmoja akitoka bara mwenzake atoke visiwani. Hiyo inafanana kabisa na jozi zetu za Nkoma.

Lowassa hakukubali. Kabla mwezi haujaisha alikuwa Chadema, na akawa mgombea wa umoja wa upinzani. Na kule alikoingia, mlango uliomfungukia yeye uliwafungia wengine. Dokta Wilbrod Slaa, aliyekuwa katibu mkuu wa Chadema na mgombea wao wa mwaka 2010, alijitoa akatangaza kuachana na siasa za vyama. Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Yaani mtu aliyekatwa upande mmoja akawa sababu ya wengine kujiona wamekatwa upande wa pili.

Hapo sikuona kanuni ya Alhamisi. Hatua zilijulikana. Kilichokuwa gizani ni sababu: kwa nini huyu abaki na yule atoke, ndani ya chumba ambacho wanachama wengi hawakuwemo. Kwa hiyo naongeza jambo la pili. Kanuni ije mapema, na sababu isemwe mbele za watu. Mtu anaweza kumeza kushindwa. Kushindwa bila kuambiwa kwa nini ni kama mfupa wa samaki. Unakaa kooni.

Sasa nije kwenye mlolongo, maana vijana wangu waliponikasirikia walisema, "Tungepanga mstari nje, kila mtu aone, haya yote yasingetokea."

Mlolongo una mvuto wake, tusidanganyane. Tarehe 17 mwezi wa saba mwaka 2025 NRM walichagua wagombea wao wa ubunge kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mimi nilikuwa natoka dukani, nikasimama mbali nikaangalia. Unaona kwa macho. Mstari huu mrefu, ule mfupi. Hakuna sanduku la kupotea njiani usiku. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza chapati karibu nami aliniambia, "Hii hata mtoto anahesabu."

Lakini Wakenya walijaribu kabla. Mwaka 1988 KANU, chama pekee wakati huo, iliamuru kura za mchujo zipigwe kwa mlolongo. Zaidi ya hapo, aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa moja kwa moja, hakuna kurudi kwa wananchi kwa kura ya siri. Mpaka leo ukitaja neno mlolongo mbele ya Mkenya mwenye umri, anakumbuka mistari mifupi iliyotangazwa kuwa mirefu. Yaani hata jambo ambalo mtoto anaweza kuhesabu, mkubwa anaweza kulihesabu vibaya kama hakuna wa kumuuliza. Kelele zilipozidi, mwishoni mwa mwaka 1990 chama chenyewe kikaacha mlolongo pamoja na hiyo asilimia 70.

Kwetu sisi wakimbizi kuna jambo lingine. Fikiri mgombea ndiye anayeandika majina ya wanaopewa maturubai. Au ndiye mwenye nyumba unayodaiwa kodi ya miezi miwili. Utasimama wapi? Utasimama nyuma yake, na moyo wako utasimama kwingine. Mlolongo unahesabu miguu. Haujui kuhesabu mioyo. Nafikiri kinachotakiwa ni kuchagua kwa siri na kuhesabu kwa uwazi. Karatasi ikunjwe ukiwa peke yako, halafu ifunguliwe mbele ya macho ya wote, moja moja, ikisomwa kwa sauti. Mambo mawili haya watu huyachanganya, wakidhani ukitaka uwazi lazima uache siri.

Na hata hivyo, nilipowaza sana, niliona mlolongo usingeniponya mimi. Kosa langu halikuwa kwenye kuhesabu. Lilikuwa kabla ya kuhesabu, kwenye kuamua nani ahesabiwe.

Hapo sasa nitazungumza kwetu, na hii sehemu ni nzito kwangu.

Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja mwaka 2018 viongozi saba wa upinzani wa Kongo walikutana Geneva, wakachagua mgombea mmoja wa urais atakayewawakilisha wote. Wakamchagua Martin Fayulu. Wote wakatia sahihi. Kesho yake tu, Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa sahihi zao, wakisema wafuasi wao wamekataa. Siku chache mbele, tarehe 23, wawili hao wakakutana Nairobi wakafanya tiketi yao: Tshisekedi agombee, Kamerhe awe waziri mkuu wakishinda.

Tulipokuwa vijana tulibishana sana juu ya hili. Je, aliyeshindwa anadaiwa nini? Mimi nasema ukikubali kanuni kabla ya kujua matokeo, na ukashindwa kwa kanuni hiyo, unadaiwa utulivu. Sahihi si kitu cha siku moja. Lakini pia nasema viongozi saba hawawezi kuweka sahihi za watu milioni mezani bila kuwauliza. Wafuasi waliokasirika Kinshasa hawakuwa wamevunja ahadi yoyote. Hawakuahidi. Wao waliona tu habari imefika kutoka mbali. Kwa hiyo kosa la viongozi wale, kwa mawazo yangu, lilikuwa mara mbili: waliahidi kwa niaba ya watu ambao hawakuwauliza, halafu wakavunja walichoahidi.

Halafu ikaja Beni. Mimi ni mtoto wa Beni. Uchaguzi ulikuwa Jumapili tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili. Jumatano tarehe 26 tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi tutapiga kura mwezi wa tatu. Kwetu walisema ni kwa sababu ya Ebola na usalama. Lakini rais angeapishwa mwezi wa kwanza. Maana yake watu zaidi ya milioni moja hatukuwa na kura ya rais.

Ebola haikuwa uongo. Tulizika watu. Mauaji hayakuwa uongo, nadhani mnajua. Sababu ilikuwa nzuri. Lakini masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Tulikuwa tunanawa mikono mlangoni, tunapimwa joto, tunaingia. Kama ugonjwa ulikuwa sababu, ungekuwa sababu tangu mwezi wa nane ulipotangazwa, na tungejipanga. Ikaja Jumatano, kwa ajili ya Jumapili.

Jumapili ile watu wa Beni walifanya uchaguzi wao wenyewe. Walipanga mstari, wakanawa mikono, wakaweka karatasi kwenye masanduku ambayo walijua hakuna ofisi itakayoyafungua. Mimi nilikuwa na miaka 16, sikuwa na umri wa kupiga kura. Nilimsindikiza mama mdogo. Nikamwuliza, "Mama, si hawatahesabu?" Akasema, "Najua. Lakini niliamka leo kuwa mtu mwenye kura, siwezi kukaa nyumbani kama mtu asiye nayo."

Sijasahau. Nilikimbia Beni mwaka uliofuata, nikapita Kyangwali, nikafika hapa. Nilibeba hasira ya ile Jumatano nikidhani ni mali yangu, kama cheti. Nilikuwa nikiwasimulia vijana wa Nkoma jinsi tulivyotendewa.

Na mimi mwenyewe, kwenye kikundi cha watu 43, nikaleta Alhamisi kwa ajili ya Jumamosi. Na mimi nilikuwa na sababu nzuri.

Siku niliyoliona hilo nilikuwa nimekaa kitandani, daftari la madeni mkononi. Nikafunga daftari. Sikuweza kula usiku ule.

Sasa kuna pingamizi moja ambalo lazima nilijibu, maana najua mtaniuliza, na wa mashirika ndio wataniuliza kwanza. Je, kama kweli mtu ni mwizi? Je, tukae kimya tukiheshimu kalenda mpaka sanduku liwe tupu?

Hapana. Lakini angalieni kwamba nilikuwa na njia nyingine. Ningeweza kusimama Jumamosi mbele ya wote, yeye akiwepo, nikasema, "Ndugu zangu, huyu anadaiwa 80,000, wiki mbili zimepita, mimi nina hofu. Ajibu, halafu mpige kura." Ningekuwa sauti moja kati ya 43. Angejibu. Labda angeeleza kwamba pikipiki iliharibika, na kweli iliharibika, nilikuja kuambiwa baadaye. Watu wangepima. Pia tungeweza kuweka kinga isiyomlenga mtu, kama sanduku lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, kama vikundi vingi vinavyofanya. Hiyo ingemzuia mwizi yeyote, hata yule niliyemwamini mimi.

Kwa nini sikufanya hivyo? Kwa sababu niliogopa kwamba watasikia kila kitu na bado watamchagua. Huo ndio ukweli wote. Kumbe sikuwa simwamini yeye tu. Sikuwaamini wao. Anayebadilisha kanuni dakika ya mwisho, hata akiwa na nia safi, anawaambia wapiga kura neno moja: ninyi hamjui kuchagua. Na mtu akishaambiwa hivyo na kiongozi wake wa vijana, kwa nini arudi wiki ijayo?

Najua kuna dharura za kweli. Mafuriko yakija Ijumaa, huwezi kufanya mkutano Jumamosi kwa sababu ya kanuni. Lakini dharura ya kweli haichagui majina. Inaahirisha kwa wote, inasema tarehe nyingine, na tarehe hiyo inakuja mapema kiasi kwamba kura bado ina kazi. Mkiona dharura inayomgusa mgombea mmoja au mji mmoja, ulizeni mara mbili.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, msikasirike nikisema hili. Mnapenda kanuni, na nyingi ni nzuri. Lakini mara ngapi vigezo vimefika kambini Alhamisi? Watu wameshajiandikisha, wameshangoja juani, wengine wameshaacha vibarua, halafu karatasi mpya inabandikwa ubaoni: umri umebadilika, idadi imepungua, wenye simu ya namna fulani tu. Mna sababu, bajeti ni bajeti. Lakini mtu anayesoma ile karatasi haoni bajeti. Anaona kwamba alitii kanuni ya kwanza bure. Na mara ya pili hatatii haraka. Msiseme basi kwamba watu wa kambi hawashiriki.

Niliomba msamaha. Niliitisha mkutano, nikasema kila kitu kama nilivyowaandikia hapa, pamoja na sehemu ya kutowaamini. Ile jozi iliyopita bila kupingwa ilikuwepo, na hilo lilinitesa, maana wao hawakukosa lolote. Yule dada mwenyekiti alisimama akasema hataki kiti ambacho hakukishindania. Wengine wakasema akae mpaka mwisho wa mwaka, kurudia uchaguzi nako kutakuwa kubadilisha kanuni katikati. Mnaona jinsi kosa moja linavyozaa? Hata kulirekebisha kunafanana na kulifanya tena. Tulibishana saa mbili. Mwishoni tukapiga kura ya siri, tukaifungua mezani kwa sauti: 19 wakataka uchaguzi urudiwe, 11 wakataka hapana. Tukaandika kanuni kwenye karatasi kubwa ukutani, pamoja na ile ya madeni, na chini yake tukaandika moja niliyoiomba mimi: kanuni ya uchaguzi haibadilishwi ndani ya siku 60 kabla ya uchaguzi, na ikibadilishwa na mkutano wa wote, inaanza kazi uchaguzi unaofuata. Tukahesabu siku 60 kuanzia siku ile.

Kati ya wale 17, tisa wamerudi. Dada wa kushona amerudi, na anagombea, sasa kama mwenyekiti. Kijana wa boda hajarudi. Alilipa deni lake lote, alimtuma mdogo wake na pesa kwenye bahasha, na jina lake likafutwa kwenye daftari. Nilikwenda tena stendi kumwambia kwamba sasa anaweza kugombea. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa mkono, akasema, "Nimesikia, ticha." Halafu akapata abiria wa Namakwekwe, akawasha pikipiki akaenda.

Sijui kama hilo lilikuwa ndiyo au hapana. Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ni Ijumaa ya wiki ijayo saa kumi na moja jioni. Vijana wawili wamenijia wakisema tumwongezee siku chache, ni mtu mzuri, na ni sisi tuliomkosea. Nimewaambia fomu yake iko mezani, na meza inafungwa saa ile ile kwa wote. Moyo wangu unataka kumngojea. Ndiyo maana nimeiandika saa hiyo ukutani kwa kalamu isiyofutika.